Mwanamke wa Nyasho

Wanaume wanaoficha hawara ni wengi, Mara kama kwingineko. Mugeta wa Butiama yeye alificha kwamba hana.

Huyo mwanamke wake, kwa maneno ya watu, alikaa Nyasho, mjini Musoma, karibu na soko. Alikuwa mweupe au maji ya kunde, mnene au mwembamba, ilitegemea anayesimulia ni nani, maana hakuna aliyewahi kumwona. Butiama walimjua kwa harufu tu, marashi makali ambayo Mugeta alikuja nayo kwenye shati kila Jumamosi aliporudi nyumbani, na Jumamosi zenyewe zilikuwa zinapungua. Mke wake, Dafroza, alimtafuta huyo mwanamke na hakumpata. Asingempata hata angemtafuta mpaka Sirari, kwa sababu chupa ya marashi ilikuwa mali ya Mugeta mwenyewe. Aliinunua kwa mmachinga, akaificha chini ya godoro la chumba alichopanga, na kila alipotaka kupanda gari la Butiama alijinyunyizia kola na kifua. Halafu alipiga chafya mara tatu nne, kwa sababu marashi yale yalimwasha pua.

Mtu mzima hafanyi upuuzi wa namna hiyo bila kusukumwa. Kilichomsukuma Mugeta kilianzia uwanjani Bunda, miaka miwili na nusu nyuma.

Siku za kazi alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha Musoma, lakini mwisho wa wiki alikuwa golikipa, na golikipa hasa. Ilikuwa fainali ya ng'ombe, zile mechi ambazo mshindi anaondoka na dume zima, Butiama dhidi ya wenyeji wa Bunda. Zikiwa zimebaki dakika kumi ilipigwa kona. Mugeta akaruka, goti la mshambuliaji likampata kisogoni, na kichwa kikaenda kumalizia kwenye nguzo ya goli. Akalala. Wakammwagia maji. Akaamka, akavaa glavu zake, akarudi kusimama, na refa alipotoa penalti dakika ya mwisho, Mugeta akaipangua kwa ncha za vidole. Butiama wakaondoka na dume, Mugeta akaondoka na jina la Ukuta.

Yeye mwenyewe hakumbuki. Hilo hakumwambia mtu. Anakumbuka akifunga kamba za viatu, halafu anakumbuka yuko juu ya lori, watu wanaimba jina lake, na katikati hakuna kitu. Kuna aliyerekodi penalti ile kwa simu, na Mugeta ameitazama mara zisizo na idadi, akimwonea wivu yule kijana aliyeruka. Siku iliyo bora kuliko zote za maisha yake, na yeye hakuwepo.

Damu haikutoka hata tone, na kwao jeraha ni lile linalotoa damu. Isitoshe, Mugeta alisimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho, ndugu na majirani wakimkodolea macho, na mtu aliyesimama hivyo haendi zahanati kusema amegongwa na nguzo. Kichwa kilimuuma wiki mbili, akanyamaza nacho, kikaacha chenyewe.

Miezi minne baadaye mwili ukaanza kumkimbia. Alisikia baridi saa saba mchana, Musoma, jua likiwaka. Usingizi ulimchukua akiwa ameshika nyundo. Ndevu alizokuwa akinyoa kila siku zikawa za kunyoa kwa wiki, halafu kwa mwezi. Tumbo likaota, mikono ikalegea, na geti ambalo zamani alilibeba peke yake sasa alihitaji watu wawili. Na kitandani, tuseme wazi, hakuna kilichoamka. Walikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa.

Dafroza alitoka Kibara, ziwani. Alikuwa fundi cherehani mwenye kicheko kinachosikika nyumba ya tatu, na mwaka wao wa kwanza ulikuwa wa kicheko hicho hasa. Alimfundisha Mugeta, mtoto wa wafugaji, kula furu, wale samaki wadogo wa ziwani, bila kutema miiba ovyo, na alimcheka alipokwamwa. Mugeta alimpenda mpaka akaona aibu kwa jinsi alivyompenda. Ndiyo maana usiku wa kwanza mwili ulipomkatalia alisema amechoka, na usiku wa pili akasema tumbo, na wa tatu akageukia ukutani kabla hajaulizwa.

Alitibiwa. Asidhani mtu kwamba alikaa tu. Alitibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akatibiwa UTI, akarudi tena kwenye taifodi. Alikunywa unga wa mizizi aliouziwa sokoni Bunda na mzee aliyemkonyeza jicho. Mara mbili, kwenye vituo viwili tofauti, aliulizwa kama aliwahi kuumia kichwa, na mara zote mbili alijibu hapana. Kwa akili yake hakudanganya. Siku ile hakuumia, alishinda.

Uongo wenyewe haukuanza kwa mdomo wake. Siku moja ya kazi Dafroza alipiga simu, na fundi mmoja aliyefanya kazi na Mugeta, katika mizaha ya karakana, akapaza sauti nyuma, "Mwambie shemeji huyu ana mtu hapa Nyasho." Wakacheka wote. Jumamosi iliyofuata Dafroza alimuuliza kwa upole, akiwa ameshika sahani ya ugali, "Una mwanamke?" Mugeta akakaa kimya. Kimya cha mwanaume kwenye swali hilo ni jibu, na yeye alijua. Kilichomshtua ni kwamba kifuani alisikia nafuu. Mwanaume mwenye wanawake wawili ni mkosaji, atasemwa, atatozwa mbuzi, lakini bado ni mwanaume. Yule mwingine, yule ambaye Mugeta aliogopa kuwa ndiye, hana hata jina ambalo mtu angelitamka mbele za watu.

Basi akaulisha ule uongo kama mtu anavyolisha ndama. Alinunua marashi. Alianza kubaki Musoma Jumamosi moja, halafu mbili. Karakana walimpigapiga mgongo na kumwita mkubwa. Na hapo ndipo alipoadhibiwa kwa namna ambayo hakuitegemea, kwani rafiki zake waliokuwa wakimpitia siku za mpira waliacha kugonga mlango wake, kwa heshima. Mtu yuko na mgeni wake, watamsumbuaje? Mugeta alilala kwenye chumba kile Jumamosi nzima na Jumapili nzima, koti mwilini na blanketi juu ya koti, akisikiliza kwaya ya kanisa la jirani ikirudia wimbo uleule mpaka wauweze, na hakuna binadamu aliyegonga. Nyakati nyingine alitamani sana huyo mwanamke angekuwepo, walau wa kumpa maji. Hakuwa na wa kumwambia kwa sababu wa kumwambia ni mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa akimkimbia.

Huko Butiama mambo yalikuwa yakimwangukia Dafroza. Mwaka wa pili ulipita tumbo likiwa tupu, na mama yake Mugeta hakuwa mtu wa kutafuna maneno. "Mwanangu anatoka nje kwa sababu ndani hakuna kitu," alisema, tena mbele ya majirani. "Tasa hata umvalishe dhahabu ni tasa." Dafroza alivumilia, akatafuta dawa, akanywa mizizi. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba mume wake hamgusi, maana mke wa heshima hasemi hivyo. Aliamini hamgusi kwa sababu ameshiba kwingine, na kwamba alitoka nje kwa sababu mwaka wa kwanza hakushika mimba. Miezi mitatu iliyopita alifunga cherehani yake kwa kamba, akaipakia, akarudi kwao Kibara bila kugombana na mtu.

Mugeta alipoikuta nyumba haina ile cherehani, alikaa kwenye kitanda na kulia. Alilia kweli, kamasi zikamtoka.

Machage, mshenga wake, mzee wa Kikurya aliyewahi kuwa bwana mifugo na aliyekuwa bado anazungumza na watu kama anazungumza na madume, alimwambia jambo hilo ni dogo. "Mwanamke akirudi kwao kwa sababu ya hawara, kuna njia. Unakiri, unapeleka mbuzi, unasema umeachana naye. Watakusema, utainamisha kichwa. Unarudi na mke wako siku hiyohiyo. Hiyo kazi niachie mimi." Wakapanga siku.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, Mugeta alianguka karakana. Joto lilikuwa kali, alikuwa ametapika tangu asubuhi, na geti lilipokuwa likinyanyuliwa, miguu ikakataa. Walimpeleka hospitali. Daktari aliyempokea aliitwa Stellah, mama mfupi mwenye miwani na haraka, na akaanza na maswali yaleyale ambayo Mugeta aliyazoea. Presha iko chini sana. Unatapika tangu lini? Uliwahi kuumia kichwa?

"Hapana, dokta."

Mlangoni akaingia mtu wa maabara kuchukua damu. Aliitwa Burito, na kwao ni Butiama. Alimwangalia mgonjwa, akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Ukuta! Dokta, huyu unamjua? Huyu ndiye alidakaga penalti ya Bunda. Mimi nilikuwepo." Na huku ameshika sindano akaanza kusimulia, kwa mikono na miguu. "Goti hapa, nguzo hapa. Akalala kama mfu, dokta. Tukamwaga maji, hakuna. Tukamwaga tena. Alipoamka akatuuliza sisi ni akina nani, na kapteni wetu ni binamu yake. Tukacheka sana. Alikuwa anaelekea goli la wenzetu, tukamgeuza. Halafu akadaka penalti!"

Daktari Stellah aliacha kuandika. "Alilala muda gani?"

"Kama dakika tano hivi. Sita."

Daktari akamgeukia Mugeta, na Mugeta akaangalia dari. Hakuwahi kuambiwa kwamba aliuliza watu ni akina nani. Hakuwahi kuambiwa kwamba walimgeuza. Sifa yake yote aliyoiweka akiba, ile pekee iliyobaki baada ya mwili kuondoka, Burito alikuwa ameimwaga chini kwa furaha tupu.

Burito alipotoka, daktari alifunga mlango na kumuuliza mengine, yale ambayo Mugeta hajaulizwa na mtu. Ndevu. Baridi. Usingizi. Mambo ya ndani na mke. Mugeta alijibu akiangalia viatu vya daktari, viatu vya raba vyeupe, na kila jibu lilitoka kama jino linang'olewa.

"Chini ya ubongo," daktari alisema, "kuna tezi ndogo kama punje ya haragwe, imening'inia kwa kikonyo chake. Ndogo, lakini ndiyo mnyapara. Inaziamrisha tezi nyingine zote zitoe homoni, za nguvu, za joto, za uanaume. Kichwa kikitikiswa vibaya, ile tezi au kikonyo chake kinaweza kuumia, na mtu asijue. Anaamka, anaendelea na mechi. Wanamasumbwi wanapatwa, wachezaji mpira wanapatwa. Mimi nadhani mnyapara wako ameumia. Utaenda Mwanza kwa vipimo, lakini vidonge vya kwanza unaanza leo. Na mpira basi."

"Kwa hiyo mimi si…" Mugeta alishindwa kumalizia.

"Wewe si mvivu, hujalogwa, na si hilo unalotaka kusema. Umeumia."

Vipimo vya Mwanza vilisema alivyosema daktari. Vidonge kila asubuhi bila kuruka hata siku moja, na sindano kila baada ya wiki tatu, hapohapo Musoma, kwa miaka mingi, labda yote. Nguvu zitarudi, ndevu zitarudi, na lile jingine pia kwa sehemu kubwa. Kuhusu mtoto daktari hakuahidi. Alisema kuna dawa nyingine, wataona. Baada ya siku kumi za vidonge Mugeta aliamka asubuhi moja na kugundua kwamba hajavaa koti.

Ungedhani sasa angekimbia kumwambia Dafroza. Hakukimbia. Alipiga hesabu zake mwenyewe, hesabu za mwoga. Mbuzi keshanunuliwa, mwanamke wa Nyasho yupo tayari kuachwa, dawa zinaanza kufanya kazi. Mke arudi, mwili urudi, na hakuna mtu duniani atakayejua. Uongo ule ulikuwa umemtesa, lakini ulikuwa umebakiza safari moja ya kumbeba, na yeye akapanda.

Siku ilipofika walishuka Kibara saa tano asubuhi, Machage mbele, Mugeta nyuma na kamba ya mbuzi. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kivulini upande wa nyumba. Alikuwepo baba mkwe, mzee Bernado, mvuvi aliyestaafu na mwenyekiti wa jumuiya kanisani, na kaka yake mkubwa. Mama mkwe alikuwa ndani, kama desturi inavyotaka, nyuma ya pazia la mlango. Dafroza alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, anachambua dagaa kwenye ungo. Alikuwa amepungua. Hakuinua macho.

Pale mkwe hasemi. Mshenga ndiye mdomo wake. Na kuna maneno ambayo hata mshenga hayasemi. Mambo ya chumbani hayatamkwi mbele ya wakwe hata kwa fumbo. Machage alikohoa, akasimama, akayapanga vizuri. Kijana amekosa. Mji una mitego. Mwanamke huyo amekwisha kuachwa, na huyu hapa mbuzi ni wa kuomba radhi.

Mzee Bernado aliitikia kwa kichwa taratibu. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioharibu kila kitu.

"Mzee Machage, tumekusikia. Mkwe amekosa na amekubali. Na sisi si watu wa kumkaba mtu koo. Ukweli tuuseme, hata binti yetu ana upungufu wake. Miaka mitatu sasa hajashika mimba, hata ya kuharibika. Mwanaume akiona hivyo anatokaga, tufanyeje? Tulimwambiaga mama yake amtafutie dawa, amekunywa, haikusaidia. Kwa hiyo lawama tunagawana. Mbuzi anatosha, hatuongezi kitu. Dafroza, mwanangu, kafunge mizigo."

Dafroza aliweka ungo chini. Hakubisha. Alikunja kanga yake kiunoni, akainuka kwenda kufunga mizigo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekubali kwamba yeye ndiye mbovu. Mugeta aliuona uso huo. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa machozi, hata kwa kofi. Kwa uso ule hakuwa amejiandaa.

"Baba," alisema.

Machage alimshika goti kumzuia. Mugeta akaendelea.

"Baba, hakuna mwanamke. Hakujawahi kuwa na mwanamke Nyasho. Nilidanganya. Dafroza hana upungufu. Mwenye upungufu ni mimi. Niligonga kichwa Bunda kwenye mpira, kuna kitu kikaumia ndani, na tangu hapo mimi kitandani si mume wa mtu. Hajazaa kwa sababu simgusi. Miaka miwili sijamgusa."

Nyuma ya pazia kuna kitu cha bati kilianguka, na mlango wa ndani ukafungwa. Kaka mkubwa wa mzee Bernado aliangalia mlima kwa bidii, kama ameambiwa ahesabu miti. Machage alifumba macho. Mzee Bernado mwenyewe alivua kofia yake, akajifunika uso nayo.

"Mzee Machage," alisema hatimaye, bado uso uko kwenye kofia, "kijana wako ana homa. Aliyoyasema hayajasemwa. Mwanamke wa Nyasho ameachwa, mbuzi tumempokea. Tumemaliza."

Hakuwa mbaya yule mzee. Aliona mkwe wake amevua nguo hadharani, akatafuta ya kumfunika. Bahati mbaya nguo aliyomfunika nayo ilikuwa ya binti yake.

"Baba, mimi nimesikia," Dafroza alisema kutoka mlangoni mwa jiko.

Akatembea mpaka mbele ya Mugeta, mikono bado ina magamba ya dagaa.

"Yale marashi?"

"Yangu. Nilinunua."

"Ulikuwa unajipaka mwenyewe?"

"Nilikuwa najipaka mwenyewe."

Akacheka mara moja, kicheko kifupi kisicho na furaha hata kidogo. "Mimi nilienda Nyasho mara mbili. Nilikaa pale sokoni nanusa wanawake wa watu wakipita. Mmoja aliniuliza kama ni mgonjwa. Nimekunywa mizizi ya waganga watatu, Mugeta. Ya yule wa Bukima ilinitoa damu siku nne, nikasema hewala, labda inasafisha. Na wewe ulikuwa unaniona nakunywa."

"Nilikuwa nakuona."

"Mwanamke ningemsamehe. Ana macho, ana miguu, ningejua hasira yangu iende wapi. Huyu ambaye hayupo nimsameheje?"

Baba yake Dafroza alisema, "Mama, ingia ndani," kwa sauti ya kuomba, na Dafroza akasema anaingia. Kabla hajaingia alimsogelea mume wake na kusema polepole, wawili tu wasikie.

"Hapa umesema kwetu, kwa watu wanaonipenda. Mimi tasa nimeitwaga Butiama. Nenda kwa mama yako ukayaseme hayohayo. Usimvizie akiwa peke yake. Yeye hakuwahi kunivizia. Ukishasema, nipigie."

Mugeta na Machage waliondoka Kibara bila mke. Walipofika Bunda mshenga alisema neno moja tu, kwamba yeye anasubiri gari la Tarime na kwamba kazi ya ushenga ameiacha. Mugeta akaendelea peke yake. Aliposhuka Butiama ilikuwa saa kumi jioni, na mama yake alikuwa uani akipepeta ulezi pamoja na jirani yake Dorkas na mwanamke mwingine wa kanisani. Moyo ulimwambia asubiri waondoke. Ni saa moja tu, watakwenda kupika. Alisimama pale, begi begani, akaona kwamba akisubiri hiyo saa moja atasubiri mpaka azikwe.

"Yuko wapi mkeo?" mama aliuliza bila kuinua kichwa. "Au wamemng'ang'ania huyo tasa wao?"

"Mama, Dafroza si tasa," Mugeta alisema. Na akasema yote, amesimama, kwa sauti ambayo hata aliyekuwa barabarani angeisikia. Nguzo, tezi, kitanda, marashi. Dorkas aliinamia ungo wake na kuokota mawe ambayo hayakuwepo. Yule mwingine alisema "Yesu" kwa sauti ndogo.

Mama aliendelea kupepeta. Alipepeta mpaka ulezi ukaanza kumwagika pembeni.

"Wamekulisha nini huko ziwani?" alisema.

"Hawajanilisha kitu. Nilikuwa hivi kabla sijaenda."

Akaweka ungo chini. Alimwangalia mwanawe, akaangalia kidevu chake kisicho na ndevu, na Mugeta akaona kwamba mama anaelewa, kwamba labda alikuwa na shaka siku nyingi na akachagua kumsema mtoto wa watu. Macho yake yakajaa maji.

"Bora ungekuwa na huyo mwanamke," alisema. Akajizoa, akaingia ndani, na majirani wakakusanya nyungo zao na kuondoka bila kuaga.

Mugeta alibaki uani na kuku waliokuja kuokota ulezi uliomwagika. Hakuna aliyetoka kumkaribisha ndani. Aliwahi kukaa peke yake wiki nyingi Nyasho, lakini kule alikuwa na siri ya kumsindikiza, na sasa hata hiyo hakuwa nayo. Alikwenda nyuma ya nyumba, akapiga simu. Dafroza alipokea mara moja.

"Nimesema," Mugeta alisema.

"Mbele ya nani?"

"Mama. Dorkas. Na yule mwimbaji wa kwaya, mrefu."

"Basi kesho Butiama nzima inajua."

"Ndiyo."

"Mama amesemaje?"

Alimwambia alivyosema mama. Kutoka Kibara alisikia mtu akipita na ndoo, na mbali zaidi akasikia mbuzi akilia, labda yuleyule.

"Asante," Dafroza alisema. Alisema kama mtu aliyerudishiwa kitu chake, bila joto, na Mugeta akaelewa kwamba shukrani ile ilikuwa ya jina la Dafroza tu, haikuwa ya ndoa. Akasubiri simu ikatwe. Haikukatwa.

"Hizo sindano unachomwa lini?"

"Jumatatu. Ya kwanza ni Jumatatu."

"Unaenda na nani?"

"Peke yangu."

Mugeta alishika simu kwa mikono yote miwili.

"Gari la asubuhi kutoka Bunda kwenda Musoma linatoka saa ngapi siku hizi?"

"Dafroza."

"Sijasema narudi, Mugeta. Nimeuliza gari."

Akamwambia saa kumi na mbili na nusu.